Kufunga Kamshafti Kwenye Silinda Hedi: Mwongozo Kamili kwa Injini ya Kamshafti Mbili

Kufunga kamshafti, mhimili unaofungua valvu za injini, hakuhitaji nguvu. Kitu kikikataa, boliti ikianza kuwa ngumu kabla ya wakati, au krenki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) ikigoma kuzunguka, kuna kosa mahali fulani na ukilazimisha utavunja. Kwenye injini nyingi za kisasa, pistoni na valvu hupita sehemu moja kwa zamu. Kamshafti ikiwa mbali nje ya taimingi, yaani mzunguko wake haulingani na wa krenki, stata ikizunguka mara moja tu valvu zinagongana na pistoni na kupinda, na silinda hedi (kichwa cha injini) italazimika kushuka tena.

Maelezo haya ni ya injini ya petroli yenye silinda nne kwenye mstari mmoja, valvu 16, na kamshafti mbili juu ya hedi, ikiendeshwa kwa mkanda au kwa cheni. Namba za vipimo zilizotajwa ndizo zinazokutwa kwenye injini nyingi za aina hiyo. Namba ya kukazia kazi yako itoke kwenye kitabu cha injini uliyo nayo, kwa kodi yake kamili (jina la aina ya injini), maana hata injini mbili za familia moja zinaweza kutofautiana.

Elewa kwanza kinachozunguka na nini

Krenki ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1. Ndiyo maana gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya gia ya krenki. Chukua gia ya kamshafti yenye meno 48: kila jino ni nyuzi 7.5 za kamshafti, sawa na nyuzi 15 za krenki. Ukikosea jino moja, gari linaweza kuwaka lakini likakosa nguvu, likatetema na kuwasha taa ya injini. Ukikosea meno matatu au manne, kwenye injini nyingi valvu na pistoni zinakutana.

Kila kamshafti ina shingo, yaani sehemu za mviringo zinazokaa kwenye beringi za hedi, na ina nundu, zile zinazosukuma tapeti, vikombe vidogo vinavyobonyeza valvu. Juu ya shingo hukaa kepu, vifuniko vinavyofungwa kwa boliti. Kepu na hedi zilichongwa pamoja kiwandani zikiwa zimefungwa, kwa hiyo kila kepu ni ya mahali pake tu. Kepu namba 3 ukiiweka kwenye namba 4 itafungika vizuri kabisa kwa macho, kisha itabana shingo, au itaacha nafasi kubwa na oili ikavuja pembeni. Hedi ya alumini ikiharibika hapo, mara nyingi haina beringi ya kubadilisha. Ni hedi nyingine au kazi ya mashine.

Kwa hiyo alama za kepu zisome kabla ya kufungua. Nyingi zina herufi I kwa upande wa kuingiza hewa na E kwa upande wa ekzosi, namba kuanzia mbele, na mshale unaoelekea mbele ya injini, yaani upande wa mkanda au cheni. Kama hazina alama, weka zako kwa kalamu ya rangi. Usigonge kwa patasi.

Vifaa

Andaa spana ya toki ndogo, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya kati ya 5 na 25 Nm (newton-mita). Hii watu huiruka wakitumia ile kubwa ya magurudumu, inayoanza kusoma 40 Nm na kwenda juu. Boliti ya kepu ya M6 (unene wa milimita 6) inataka kama 12 Nm, na spana kubwa haitakuambia kitu mpaka uzi wa tundu la alumini uwe umeshatoka. Ongeza spana ya toki ya kawaida kwa boliti za gia, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), maikromita, soketi, spana bapa ya kushika kamshafti, grisi ya kufungia injini yenye molibdeni, silikoni ya injini, dawa ya kusafishia breki, vitambaa visivyoacha nyuzi, oili sili mpya za kamshafti na gasketi mpya ya kava la tapeti. Uzi wa plastiki wa kupimia nafasi ya beringi ni wa bei ndogo na unaokoa mengi.

Tenganisha waya hasi wa betri. Toa plagi zote nne: krenki itazunguka kwa mkono bila kubanwa na kompresheni, na ikigonga kitu utaihisi mkononi mapema.

Safisha na kagua

Futa silikoni ya zamani kwenye hedi na kwenye kepu ya mbele kwa kipande cha plastiki. Brashi za duara za kufungwa kwenye drili huacha unga mgumu unaoingia kwenye njia za oili na kula beringi, kwa hiyo ziache. Pulizia dawa kwenye matundu ya boliti kisha yakaushe kwa hewa. Tundu lisilotobolewa upande wa pili likibaki na oili chini, boliti inapoingia huibana ile oili, toki inasoma imefika kumbe kepu haijakaa, na wakati mwingine alumini inapasuka.

Angalia shingo na nundu. Mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha si ya kupuuza. Nundu iliyochimbika au yenye ncha iliyolika huambatana na tapeti iliyolika, na ukifunga kamshafti mpya juu ya tapeti ya zamani yenye shimo, kamshafti hiyo italika upesi. Pima urefu wa kila nundu kwa maikromita na ulinganishe na kitabu. Kama una geji ya saa, laza kamshafti kwenye vishikio viwili vya umbo la V, weka geji kwenye shingo ya katikati na uizungushe polepole: mpindo unaozidi takriban 0.03 mm kwa kawaida unaikataa.

Kupima nafasi ya beringi: laza kamshafti kwenye hedi ikiwa kavu kabisa, bila tapeti chini yake, weka kipande cha uzi wa plastiki juu ya kila shingo kwa urefu wake, funga kepu kwa toki kamili, kisha fungua tena bila kuizungusha kamshafti. Upana wa uzi uliobanwa linganisha na kipimo kilicho kwenye pakiti. Nafasi ya takriban 0.03 hadi 0.06 mm ni ya kawaida, na ikifika 0.10 mm mara nyingi ndiyo kikomo. Kisha futa mabaki yote ya ule uzi. Kisha futa mabaki yote ya ule uzi.

Weka krenki mahali salama

Zungusha krenki mpaka pistoni namba 1 iwe juu kabisa na alama ya puli ilingane na sifuri. Sasa irudishe nyuma robo mzunguko, nyuzi 90. Kwenye injini ya silinda nne, hapo pistoni zote ziko katikati ya silinda na hakuna valvu inayoweza kuifikia hata moja, hata ukikaza kepu nundu zikiwa zimesukuma valvu chini. Kama kitabu kinataja nafasi nyingine, fuata kitabu. Injini ya cheni inataka mtu wa pili ashikilie cheni juu wakati unazungusha krenki, la sivyo inajikunja chini kwenye gia ndogo na kukwama.

Kulaza kamshafti

1. Paka tapeti oili safi pembeni na uzirudishe kila moja kwenye tundu lake la mwanzo. Zizungushe kwa kidole. Inayogoma itoe na uangalie uchafu.

2. Paka oili kwenye nusu za beringi zilizo kwenye hedi. Kwenye nundu na uso wa tapeti paka grisi ya molibdeni, utando mwembamba lakini usioacha mahali. Oili ya kawaida hutiririka gari likikaa siku mbili kabla ya kuwashwa, grisi hubaki.

3. Tambua kamshafti ya kuingiza hewa na ya ekzosi. Zinaweza kufanana, lakini ile yenye gurudumu la sensa au sehemu ya kuendesha distribyuta haiwezi kukaa upande mwingine. Zilaze polepole, sawasawa, usiziburute juu ya kingo za hedi.

4. Zielekeze kama kitabu kinavyoonyesha, kwa kutumia pini iliyo mbele ya kamshafti. Nafasi hiyo imechaguliwa ili nundu zisukume springi kidogo kidogo pande zote na kamshafti ishuke ikiwa imenyooka.

Injini kadhaa za Toyota, 4A-FE ikiwa mojawapo, mkanda huendesha kamshafti moja, na hiyo huendesha ya pili kwa gia. Moja kati yake ina gia pacha yenye springi ndani ya kuondoa kelele, na kabla ya kuitoa lazima gia hizo mbili zifungwe pamoja kwa boliti ndogo ya M6. Kama iliachiwa, irudishe kwanza kwa kuizungusha na uifunge, maana ikifungwa ikiwa imeachia meno hayatalingana. Boliti hiyo hutolewa mwishoni, kamshafti zote zikishakazwa. Kuisahau ndani ni kosa linalotokea zaidi kuliko watu wanavyokiri.

Kukaza kepu: hapa ndipo kamshafti huvunjika

Kamshafti nyingi ni za chuma cha kumimina. Chuma hicho ni kigumu lakini hakipindi, kikilazimishwa kinakatika. Springi za valvu zinasukuma juu, wewe unavuta chini. Ukikaza kepu moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, kamshafti inalazimishwa kupinda kwenye hewa na kukatika katikati, au kepu yenyewe inapasuka.

Kwanza shughulikia kepu ya mbele. Paka silikoni kama mstari wa milimita 2 kwenye pembe zilizoonyeshwa, mbali na tundu la oili, kisha uifunge ndani ya dakika chache kabla haijaanza kukauka. Silikoni iliyozidi haibaki nje. Nusu yake hubanwa ndani, hukatika, huishia kwenye chujio la oili au hufunga njia ya oili ya shingo ya kwanza. Kama kitabu kinataka kepu ya mbele ifungwe mwishoni, ibaki mwishoni.

Weka kepu zote kwa namba na mshale. Paka oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha kila boliti kama kitabu kinavyotaka, kisha ziingize zote kwa mkono. Boliti isiyoingia kwa vidole mizunguko minne au mitano imepinda njia: itoe na uanze upya. Halafu anza katikati, nenda nje kwa kupishana, nusu mzunguko kwa kila boliti, na urudi mwanzo. Rudia raundi nyingi, mpaka kepu zote ziguse hedi pamoja. Hapo ndipo unatoa spana ya toki. Kepu nyingi zenye boliti za M6 hukazwa kwa takriban 10 hadi 13 Nm. Fanya raundi mbili: ya kwanza kwa nusu ya toki, ya pili kamili.

Shika kamshafti kwa spana bapa kwenye sehemu yake ya pembe sita na uizungushe kidogo kila upande. Inapaswa kuwa nzito na laini, ikibanwa na springi tu. Ikikwama mahali fulani, legeza kepu moja moja mpaka ile inayobana ijulikane. Mara nyingi ni kepu iliyobadilishwa nafasi au uchafu chini yake. Usimalizie toki ukitumaini italainika yenyewe.

Sili na gia

Oili sili ya mbele ipakwe grisi mdomoni na iingizwe kwa soketi ya upana wake au kipande cha bomba, ikiwa imenyooka, mpaka kina kilekile cha zamani. Ikisukumwa ndani kupita kiasi inaweza kuziba tundu la kurudisha oili, kisha ianze kuvuja wiki ya pili.

Gia ikae juu ya pini yake. Boliti yake ikaze huku umeshika pembe sita ya kamshafti kwa spana bapa. Usitumie mkanda au cheni kuizuia, mkanda unanyooshwa na pini ya gia inakatika. Kama gia ni ya kubadilisha taimingi kwa oili, hakikisha imejifunga kwenye nafasi yake ya kuanzia kabla ya kukaza, na boliti zilizo pembeni mwake usiziguse. Boliti za kukazwa kwa toki kisha kwa nyuzi za kuzungusha (pembe) huwa zimevutika, nunua mpya.

Kufunga taimingi

Linganisha alama za gia za kamshafti na alama za hedi. Sasa rudisha krenki kwa njia fupi, ile robo mzunguko, mpaka alama yake ya sifuri. Usiizungushe raundi nzima ukiwa hujafunga mkanda.

Kwa mkanda: anzia gia ya krenki, nenda upande usio na tensiona (kifaa kinachokaza mkanda) ukiwa umenyooka, pita gia za kamshafti, malizia kwenye tensiona. Ulegevu wote ubaki upande wa tensiona. Tensiona ya oili hubanwa kwenye jiliwa polepole sana, ukiwa umeisimamisha, mpaka pini ya chuma ipite. Ukiibana kwa haraka unaua sili yake ndani.

Kwa cheni: viungo vya rangi vilingane na alama za gia, kisha toa pini ya tensiona. Jambo linaloleta hofu kila mara: ukizungusha krenki mara mbili, viungo vya rangi havitalingana tena. Ni kawaida kabisa. Idadi ya viungo na idadi ya meno hazigawanyiki sawa, na alama hizo hukutana tena baada ya mizunguko mingi. Unachokagua baada ya mizunguko 2 ni alama za gia dhidi ya alama za hedi na za krenki.

Basi zungusha krenki kwa mkono, kwa kufuata mwelekeo wa injini, mizunguko 2 kamili. Usitumie stata. Uzito wa springi utausikia ukija na kuondoka, lakini kituo kigumu, kama chuma kimegusa chuma, ni valvu na pistoni. Simama hapo hapo, rudisha nyuma, kagua taimingi. Alama zikirudi sawa baada ya mizunguko 2, zungusha mingine 2 na uangalie tena. Pistoni namba 1 ikiwa juu ya kompresheni, yaani juu kabisa baada ya kubana hewa, nundu zote za silinda namba 1 zinatazama mbali na tapeti.

Nafasi ya valvu

Nafasi hii, kati ya nundu na tapeti, hupimwa kwa fila geji kwenye tapeti zisizo za oili, injini ikiwa baridi. Nafasi za kawaida ni 0.15 hadi 0.25 mm upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 mm upande wa ekzosi, kwa injini kadhaa za aina hii. Kwa mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2, silinda namba 1 ikiwa juu ya kompresheni, pima za kuingiza za 1 na 2, na za ekzosi za 1 na 3. Zungusha krenki raundi 1, kisha pima za kuingiza za 3 na 4, na za ekzosi za 2 na 4. Andika kila namba.

Nafasi hurekebishwa kwa shimu, kisahani cha unene maalumu kwenye tapeti. Shimu mpya ni unene wa shimu ya sasa, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Mfano: shimu ni 2.60 mm, umepima 0.32, unataka 0.20. Ni 2.60 + 0.32 − 0.20 = 2.72 mm. Kama inayopatikana ni 2.70, nafasi itakuwa 0.22 mm, bado ndani ya kiwango. Ukiwa njia panda chagua shimu nyembamba kidogo. Valvu yenye nafasi kubwa inapiga kelele, lakini isiyo na nafasi haifungi, na moto unaipitia pembeni mpaka inaungua.

Tapeti za oili, zinazojirekebisha kwa presha ya oili, hazipimwi hivi. Ila zikishafungwa zinaweza kushikilia valvu wazi kwa muda, kwa hiyo subiri walau dakika 30 kabla ya kuzungusha injini, zitoe oili iliyozidi.

Kuwasha mara ya kwanza

Funga kava la tapeti kwa gasketi mpya na silikoni kidogo kwenye mikunjo ya kepu ya mbele. Boliti zake ni ndogo sana, nyingi hazizidi 10 Nm. Acha silikoni ikauke kama pakiti inavyosema ndipo uweke oili.

Rudisha waya wa betri. Zima mafuta kwa kutoa fyuzi ya pampu, chomoa koili za plagi, plagi zikiwa bado nje. Zungusha kwa stata sekunde 10, pumzika, rudia, mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo shingo za kamshafti zinapata oili kabla ya uzito wa mwako. Rudisha plagi, koili na fyuzi, washa. Kelele ya tapeti za oili kwa dakika chache si tatizo, lakini ya tapeti za shimu inayoendelea inataka kipimo upya.

Injini ikitetema na kompyuta ya gari ikaleta kodi ya hitilafu P0016, krenki na kamshafti hazikubaliani, na jambo la kwanza kushuku ni jino moja. P0340 huelekea kwenye sensa ya kamshafti au waya wake, mara nyingi soketi haikurudishwa vizuri. Silinda moja ikikosa kompresheni huku nyingine ziko sawa, valvu imepinda au nafasi yake ni sifuri: pima nafasi kwanza, ni kazi ya nusu saa, kabla ya kufikiria kuishusha hedi. Baada ya kama kilomita 500 badilisha oili na filta, kwa sababu mabaki ya grisi na silikoni yanazunguka humo, na angalia kuzunguka sili ya mbele kama kuna unyevu.